Ganda la Mwisho la Jumba la Meno

Siku ya Ganda Jipya huwa siwezi kula, na mwaka huo hata chai ilikataa kupita. Saa moja asubuhi nilikuwa nimeshafika kituo cha vibanda vinavyosafiri kwenye waya pale bandarini, sare imepigwa pasi, kilemba kimekaa sawasawa. Watu kumi na wanne walikuwa wamekata Tiketi ya Mseto. Tiketi moja, majengo matano ya kale ya Dar es Salaam kwa siku moja, na mwisho wa yote jambo linalotokea mara moja tu kwa mwaka: ukuta kufunguliwa useme maneno ambayo hakuna mtu aliye hai aliyewahi kuyasikia.

Nikapitisha macho kwenye orodha ya abiria. Wa tisa aliandikwa Mihambo Kapaya, wa Sikonge, Tabora.

Jamani! Nilikaa chini pale pale kwenye ngazi, na sare yangu ya kazini.

Ngoja nieleze mapema, maana mimi si mtu wa kuficha mambo, ingawa hili nimelificha miaka miwili. Kituo cha mwisho cha ziara yetu ni Jumba la Meno, nyumba ya enzi za Mjerumani ambayo ukingo wa paa lake umechongwa kama meno. Miaka miwili iliyopita, ukuta wake wa mashariki ulifunguliwa, na ikatoka sauti ya mwashi mmoja akisema kwa nguvu: "Huyu Mnyamwezi nimemmaliza mimi! Nimemzika! Anayebisha ajitokeze!" Baada ya hapo kimya. Tume ya Kuta ikapekua makaratasi ya zamani, ikapata kwamba waashi wa chumba kile walikuwa wawili, Kondo Mzaramo na Kapaya Mnyamwezi, na kwamba baada ya mwezi ule jina la Kapaya halionekani tena popote. Ikabandikwa bamba la shaba: Katika chumba hiki mwashi Kondo alimuua mwenzake Kapaya. Ukuta umekiri.

Huyo Kondo ni wetu. Ni babu wa babu wa babu yangu, sijui nihesabu vipi. Ukoo wetu ni wa mafundi wa lipu mpaka leo, na tangu lile bamba liwekwe hakuna anayetaka kupakiwa ukuta na Kondo. Baba zangu wadogo wamepanga miko yao juu ya kabati. Mtoto wa dada yangu shuleni wanamwita Mzika Watu. Na mimi, ambaye kazini najulikana kwa jina moja tu la Zamaradi, siku za kawaida, ziara zikiwa fupi, nasimama mbele ya lile bamba mara sita kwa siku, natabasamu, nawasomea wageni.

Siku hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yetu ya mwisho. Katika chumba kile lilibaki pande moja tu la chokaa ya zamani, ukuta wa kaskazini, ukubwa wa sinia la pilau. Kwingine kote kulishapigwa saruji, na saruji ni kiziwi. Sheria inataka pande kama hilo lifunguliwe kwa idhini ya kidole gumba cha kila upande, wa anayetuhumiwa na wa aliyetendewa. Shangazi Mwantumu alishaweka chake kwa niaba yetu. Kilibaki cha ukoo wa Kapaya, na mwenye kidole hicho alikuwa anapanda ngazi kunijia, mrefu kama mlingoti, miaka kama sitini, mkononi kidumu cha asali.

"Karibuni, karibuni sana!" nikasema, sauti yangu ikiruka juu kidogo. "Mimi ni Zamaradi, mwenyeji wenu leo. Mzaramo wa hapa hapa."

Yule mzee akasimama ghafla. "Mzaramo?" Akawageukia wenzake kwa hofu ya kujifanya. "Ndugu zangu, shikeni mifuko yenu. Na mkisikia ngoma imelia tu, huyu hatumwoni tena mpaka kesho kutwa."

Watu wakacheka. Mimi nani hata nikubali kushindwa na Mnyamwezi?

"Pole baba kwa safari," nikamwambia. "Umekuja kwa treni, au umebeba mzigo wa mtu kichwani kama kawaida yenu?"

Akapiga kofi la furaha. "Haya! Nimepata mtani! Ziara imeshalipa."

Kumtania Mnyamwezi ni haki yangu ya kuzaliwa, na kunitania ni haki yake, na hakuna anayekasirika. Ndivyo tulivyolelewa. Nilicheka kweli.

*

Kibanda kilipotoka kituoni na kuning'inia juu ya mji, abiria wote walikimbilia upande mmoja wa kioo, na mimi nikaanza kuwarudisha kwa mikono kama kuku. Chini yetu ukuta mkubwa wa kuzuia bahari ulikuwa unang'aa kwa jua la asubuhi. Tulipita juu ya sanamu ya Askari, aliyeinama na bunduki yake tangu enzi za Mwingereza, nikawaeleza kwamba yeye ni wa shaba na shaba haituambii kitu. Maharusi wawili kutoka Mwanza wakapiga picha mpaka kidole cha bwana harusi kikachoka.

Kituo cha kwanza cha kusikiliza kilikuwa Boma la Kale. Pale ndipo huwa natoa somo, na nalipenda, hata nikilisema mara ya elfu.

"Wekeni viganja ukutani," nikawaambia. "Hiyo ni chokaa ya matumbawe. Yalichomwa, yakazimwa kwa maji, yakapakwa yakiwa uji. Chokaa mbichi inavuta hewa siku nyingi mpaka igeuke jiwe tena. Sasa mtu akisema karibu nayo, hewa inatikisika, na chembe zinazoganda wakati ule zinaganda zimejipanga kufuata ule mtikisiko. Ukuta ukishakauka, masikio yake yamefungwa. Kwa hiyo haukumbuki miaka yote. Unakumbuka zile siku chache tu ulipokuwa mbichi."

"Na mnaisomaje?" akauliza bwana mmoja mwenye kofia ya kijani, ambaye tangu asubuhi alikuwa anatafuna korosho.

"Kwa Sikio. Ni mtambo unaopitisha mwanga mwembamba juu ya chokaa, ukimenya ganda jembamba kuliko la kitunguu. Kila chembe inasomwa, kisha inadondoka vumbi. Ukuta unasema mara moja tu, haurudii. Tunachobaki nacho ni kumbukumbu iliyoandikwa na Sikio."

Nikabonyeza, na kumbukumbu ya Boma ikaanza kucheza. Mwanamume mmoja wa zamani, ambaye hatujui hata jina lake, akaanza kulia jino. Analia kweli kweli. "Mama yangu! Jino! Mama njoo unione!" Kisha anapiga ukuta kwa ngumi.

Wageni wakaangua kicheko. Hucheka wote, kila kikundi. Huyo tunamwita Mzee wa Jino, na mji mzima unamjua. Kuna watu wanaamshwa naye asubuhi kwenye saa zao. Bwana wa kofia ya kijani akashika shavu, akalia "Mama njoo unione!" na bibi harusi akacheka mpaka akamwegemea mumewe.

Mihambo peke yake hakucheka. Alikuwa bado ameweka kiganja ukutani.

"Na mwenyewe aliulizwa?" akaniuliza.

"Nani?"

"Huyu mwenye jino."

"Baba, huyu amekufa zamani mno."

"Najua amekufa. Nimeuliza kama aliulizwa."

Nikawaambia watu muda umekwisha.

*

Tulikwenda kanisa la mnara mrefu pale mbele ya bahari, tukasikia mafundi wakigombania ubwabwa. La tatu tulilipita haraka, tukaenda jengo la nne, ghala la zamani, tukasikia wanawake watatu wanaochota maji wakimsengenya mwenzao wa nne kwa utamu ambao hata mimi bado unanifurahisha. Siku ilikuwa inakwenda vizuri mno! Abiria walikuwa wananipigia makofi. Kibanda kilipoanza safari ya mwisho kuelekea Jumba la Meno, Mihambo akaja kukaa karibu yangu.

"Mtani," akasema, "mimi sikuja kutalii. Mimi ndiye wa kidole."

"Najua, baba. Nimeliona jina."

"Nilitaka kwanza nizunguke nizisikie kuta zenyewe kabla sijaamua. Kule kwetu babu Kapaya amejengewa mnara. Shule ina jina lake. Kila mwaka watoto wanaigiza alivyouawa, na mimi hunipa kiti cha mbele." Akakiweka kidumu gotini. "Wewe unausoma ule ukuta kila siku. Unaonaje? Niweke kidole, au niache pande lile lingoje? Wanasema baada ya miaka mia mitambo itaweza kusoma bila kuharibu."

Mungu wangu. Ilikuwa rahisi kabisa kumwambia "weka, baba" na kunyamaza. Nilifungua mdomo nimwambie hivyo hivyo. Lakini alikuwa ananitazama kwa imani, mtani wangu, na nikaona nikimdanganya huyu nitakuwa nimelithibitisha lile bamba kwa mkono wangu.

"Usiniulize mimi," nikasema. "Mimi ni Zamaradi Kondo."

Mtu akiguswa na umeme hushtuka vile. Alihamisha kidumu chake cha asali kutoka goti moja hadi jingine. Bwana harusi alikuwa anaimba nyuma yetu.

"Kumbe tangu asubuhi nataniwa na wauaji," akasema hatimaye, na sikuweza kujua kama ni utani au siyo.

"Baba, lile neno la ukutani ni la utani. Bibi yangu alisema tangu siku ya kwanza. Kwenye msiba, mtani ndiye anayemsema maiti. Anasema nimemmaliza mimi, anazuia jeneza, anaigiza alivyokuwa akitembea. Watu wacheke, wafiwa wapumue. Unayajua haya."

"Nayajua kuliko wewe. Nimewasema maiti wengi." Akanigeukia. "Na mimi niliwaza hivyo. Ila jambo moja linanishinda. Mtani anasema mbele ya watu, pale msibani. Huyu alikuwa ndani ya chumba anapaka lipu. Alikuwa anamtania nani? Ukuta?"

Hapo ndipo bibi yangu pia alipokwama, na shangazi, na mimi.

"Na ukute alimuua kweli?" akauliza. "Utafanya nini?"

"Nitajua," nikasema. "Kwa sasa sijui, ndicho kinachonimaliza."

Kibanda kikatikisika kikiingia kituoni. Mihambo akasimama, akajinyoosha. "Naweka," akasema. "Nikirudi nyumbani bila kujua, kile kiti cha mbele kitanichoma."

*

Injinia Koku wa Tume alikuwa ameshafunga Sikio mbele ya lile pande la chokaa. Ni mwanamke wa Bukoba, mpole, asiyependa makelele, mikononi glavu nyeupe. Abiria wakajipanga nusu duara. Mihambo akaweka kidole gumba kwenye kioo, taa ikawaka kijani, watu wakapiga makofi bila kujua wanashangilia nini.

Koku akanikabidhi kitufe cha sitara. Kila mwaka ni kazi ya mwongozaji kukishika, kwa sababu injinia macho yake yako kwenye mtambo. Kikibonyezwa wakati ukuta unasema, kumbukumbu yote ya ganda hilo inafutika, kuanzia mwanzo. Hakijui nusu. Kiliwekwa kwa ajili ya mambo yasiyofaa kusikika na watu, na tangu ziara ianze hakuna aliyewahi kukibonyeza. Mihambo aliona nakipokea. Alijua mimi ni nani na hakusema neno.

"Ganda lina dakika tatu na nusu," Koku akatangaza. "Tafadhali msikohoe."

Mwanga mwembamba ukagusa ukuta. Vumbi jeupe likaanza kushuka taratibu.

Kwanza tukasikia watu. Watu wengi! Chumba kizima kilijaa sauti za waliokufa zamani, viatu, kikohozi, mwanamke akisema "msogezeni huku, msogezeni, mguu wa kitanda umekwama." Mtu mwingine akasema kwa huzuni kwamba Kapaya homa imemchukua kwa siku mbili tu, na maskini hana ndugu mji huu, ndiyo maana msiba umewekwa hapa hapa kazini kwake. Nilimshika Koku begani bila kukusudia. Msiba uliwekwa mle mle chumbani! Kuta zilikuwa mbichi, wao walikuwa humo, na maiti alikuwa humo!

Kisha ikaja ile sauti. Naijua kama ninavyoijua ya baba yangu, nimeisikia mara sita kwa siku kwa miaka miwili.

"Hatoki mtu hapa! Huyu Mnyamwezi nimemmaliza mimi! Nimemzika! Anayebisha ajitokeze!"

Kicheko. Kicheko cha chumba kizima, cha watu wenye machozi kooni. Ule ukuta wa mashariki, uliokuwa umeshaanza kukauka, ulikamata makelele ya Kondo tu. Huu wa kaskazini ulipakwa asubuhi ile ile na ulikamata kila kitu.

"Alikula asali yote peke yake!" Kondo akaendelea. "Nikimwomba ananiambia nyuki wamegoma! Alikuwa anapaka lipu imepinda, namnyooshea mimi! Leteni kilemba changu, ada ya mtani, la sivyo jeneza halipiti!" Na mwanamke mmoja akacheka na kulia kwa pamoja, akisema "Kondo wewe, Kondo, muache mwenzio apumzike."

Nilitaka kupiga vigelegele. Niliuma ncha ya kilemba. Hakuua! Mbele ya Sikio, mbele ya Tume, mbele ya watu kumi na wanne, babu yetu hakuua! Nikamtazama Mihambo, naye alikuwa anacheka kimya kimya, mabega yanaruka, machozi yanamchirizika mashavuni. Nikaona miko ya baba zangu wadogo ikishushwa kabatini. Nikamwona mtoto wa dada yangu akirudi shule kifua mbele. Bamba litang'olewa leo leo!

Ukutani watu wakanyanyua jeneza. Sauti zikatoka, zikafifia, zikaisha. Koku akainua vidole viwili kuonyesha zimebaki dakika mbili.

Kimya, maana Sikio huruka saa ambazo ukuta haukusikia kitu. Kisha hatua za mtu mmoja, amerudi. Mlango ukafungwa, komeo likaingia. Mwiko ukagusa karai, ukapaka, ukapaka tena. Mtu aliyetoka kuzika alikuwa amerudi kumalizia ukuta.

Mwiko ukasimama.

"Wameondoka wote," Kondo akasema, taratibu, siyo ile sauti ya makelele. "Hakuna anayenisikia, Kapaya. Sasa ngoja nikulilie."

Akalia.

Sijawahi kusikia mtu mzima akilia hivyo, na sitaki tena. Haikuwa sauti ya msibani. Alikuwa anamwita rafiki yake kwa jina la utoto, jina ambalo sitaliandika hapa. Alimuuliza maswali. Alimwomba msamaha kwa jambo dogo sana, la aibu, la kati yao wawili, na nalo sitaliandika.

Bwana wa kofia ya kijani akamwinamia bwana harusi, akanong'ona, lakini chumba kilikuwa kimya na nilimsikia: "Hii itapendwa kuliko ile ya jino."

Mwili mzima ulinisisimka. Kwa sababu ni kweli. Ingependwa! Mimi mwenyewe ningesimama hapa kuanzia kesho, mara sita kwa siku, natabasamu, nabonyeza, na Kondo angelia. Wangemwigiza kwenye ngazi wakishuka. Wangeamshwa naye asubuhi. Mtu aliyefunga komeo ili asionekane.

Na nikikibonyeza kitufe, hakibaki kitu. Sheria haisikilizi aliyesikia, inasikiliza kumbukumbu ya Sikio basi. Kicheko kitafutika, jeneza litafutika, homa itafutika. Bamba litabaki. Mtoto wa dada yangu ataendelea kuitwa Mzika Watu, na wa kuulizwa nitakuwa mimi. Shangazi Mwantumu ameweka kidole chake kwa sababu alituamini. Kondo hakuulizwa, sawa, lakini na sisi tulio hai je, nani alituuliza?

Koku akainua kidole kimoja. Kisha akakikunja nusu. Sekunde thelathini.

Nikamtafuta Mihambo kwa macho. Nilitaka aniambie. Nilitaka atikise kichwa tu, ndiyo au hapana, mimi nifuate. Hakuwa ananitazama. Alikuwa amegeukia mlangoni, ameupa mgongo ukuta na Sikio, na kidumu chake amekiweka sakafuni. Ameinua mikono yote miwili, amejiziba masikio.

Nikabonyeza.

*

Taa ya Sikio ikawa nyekundu. Mwanga ukaendelea kumenya, Kondo akaendelea kulia sekunde chache zilizobaki, kwa ajili ya hewa tu. Vumbi la mwisho likadondoka. Pale palipokuwa na chokaa lilibaki jiwe tupu la matumbawe.

"Zamaradi," Koku akasema, hakuwa na hasira, alikuwa ameduwaa. "Umefuta. Yote imefutika. Unajua umefuta nini?"

"Najua."

"Ile ilikuwa inamsafisha kabisa. Nitaandika ripoti, lakini bila kumbukumbu hawatanisikiliza. Bamba litabaki."

"Najua, Injinia."

Ziara ilikuwa haijaisha, na ziara humalizika mbele ya bamba. Nikaenda nikasimama mahali pangu. Abiria wakanifuata kimya, hata wale maharusi walikuwa wameshikana mikono kwa nguvu. Nikafungua mdomo nisome kama kawaida. "Katika chumba hiki mwashi Kondo…" Nikaishia hapo. Nikayageuzia mgongo yale maandishi.

"Mimi ni Zamaradi Kondo," nikawaambia. "Mliyemsikia ni wetu. Mlipofika mlikuwa mnajua kwamba ameua, sasa mnajua alivyokuwa. Mkitoka hapa semeni alivyomtania mwenzake, semeni mpaka mchoke, wala hamtakuwa na ushahidi. Yale ya baada ya mlango kufungwa, nawaomba sana, yaacheni humu."

Bwana wa kofia ya kijani akaivua kofia yake, akaishika mkononi, na akatoka wa kwanza akiwa ameinamisha kichwa. Wengine wakamfuata.

Mihambo alibaki. Akasoma bamba lote, taratibu, midomo yake ikicheza, kama anasoma barua iliyoandikwa kwake.

"Ule mnara wa kwetu nitaubomoa vipi?" akasema. "Nikiwaambia hakuuawa, wataniuliza nimejuaje."

"Waambie ni homa. Na kwamba alikuwa mchoyo wa asali."

"Hilo wataamini. Ni la ukoo." Akacheka kidogo, akajifuta uso kwa kiganja, kisha akawa na haya ghafla, mtu mrefu kama yule. "Mtani. Mimi watoto wangu wamekulia Ulaya, hawajui haya mambo. Siku nikifa watanipangia watu wa kusoma hotuba. Nitaagiza wasinitoe nje mpaka ufike."

"Sikonge ni mbali, baba."

"Basi nitakaa hapo nanuka, na lawama ni yako. Uje uniseme. Useme nilikuwa bahili, useme nilikuwa natembea kama korongo, useme umenimaliza wewe kwa mikono yako. Sema kwa nguvu, wasikie mpaka barabarani." Koku alikuwa anakunja nyaya nyuma yetu, anajifanya hasikii. "Halafu watu wakishaondoka…"

"Wakishaondoka nitafunga mlango," nikamwambia. "Na mtu asiniulize nilikuwa nafanya nini."

Akaitikia kwa kichwa mara nyingi. Mtani halii mbele ya mtani wake, kwa hiyo nikamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni nikamwambia aagize sanda mapema na aagize ndefu, maana kwa nilivyomwona leo akipanda zile ngazi, huenda tukaonana mwezi ujao. Mihambo Kapaya alicheka mpaka akashika ukuta.